Kila Kosa Lina Jina Lake na Kipimo Chake
Hotuba kwa waumini na wanamageuzi wa Kalimoni



Mlipotualika mlitutaka tuzungumze juu ya makosa ya jinai yaliyo ya kawaida katika sehemu hii iliyo kati ya Ruiru na Thika, pamoja na adhabu zake kisheria. Huenda mwenzetu mmoja akajiuliza: harakati za kupigania vyama vingi, uchaguzi wa haki na Katiba njema zina shughuli gani na mwizi wa kuku? Jibu letu ni kwamba zina shughuli kubwa. Utawala wa sheria haupimwi Bungeni peke yake. Hupimwa usiku, mtu anapopiga kamsa kwamba ameibiwa. Hupimwa tena asubuhi kituoni, afisa anapoandika jina la kosa katika karatasi ya mashtaka. Mwananchi asiyejua jina la kosa na kipimo cha adhabu yake huweza kudhulumiwa na dola, na vilevile huweza yeye mwenyewe kumdhulumu jirani yake akidhani anatenda haki.

Tuanze na kumbukumbu, kwa kuwa vijana wengi walio hapa hawakuyaona mambo hayo. Mwezi Juni 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1987 Katiba ikabadilishwa ili mtu anayeshtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo asipewe dhamana. Mwaka 1988 ikabadilishwa tena: polisi wakaruhusiwa kumzuia mshukiwa wa kosa kama hilo kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Uangalieni mpangilio huo kwa makini. Aliyetaka kumnyamazisha mpinzani hakuhitaji tena kumtia kizuizini bila kesi. Ilitosha kumchagulia kosa lenye jina kubwa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa Koigi wa Wamwere, aliyepata kuwa mbunge. Alikamatwa mwezi Novemba 1993, akashtakiwa pamoja na wenzake kuhusu shambulio la kituo cha polisi cha Bahati, Nakuru. Dunia ilimjua kuwa mpinzani wa serikali. Karatasi ya mashtaka ilimwita mnyang'anyi. Kwa kuwa kosa aliloandikiwa lilikuwa na adhabu ya kifo, hakuwa na dhamana, akakaa rumande karibu miaka miwili kesi ikisikilizwa. Oktoba 1995 mahakama ilimhukumu kwa kosa dogo zaidi, kifungo cha miaka minne pamoja na viboko. Tukitafakari habari hiyo, tunaona kwamba jina la kosa peke yake lilikuwa kifungo kabla ya hukumu.

Mageuzi yalibadilisha mengi. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, kosa la uchochezi dhidi ya serikali lilifutwa, sheria ya uzururaji ikafutwa, na mikutano ya hadhara ikawa inahitaji taarifa kwa polisi badala ya leseni. Mwaka 2003 adhabu ya viboko ikafutwa. Kisha ikaja Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, ambayo tutairudia. Lakini sheria iliyogeuzwa vitabuni haina nguvu ikiwa watu wa Kalimoni hawaijui. Basi na tuingie katika makosa yenyewe.

Miaka tutakayotaja, isipokuwa pale tutakapoeleza vingine, ni ukomo wa juu. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu humruhusu hakimu kupunguza kifungo, au kutoza faini mahali pa kifungo. Mtu asiondoke hapa akisema wakili amesema kila mwizi hufungwa miaka mitatu.

La kwanza ni wizi wa kawaida, yaani kuchukua mali ya mwingine kwa nia ya kumnyima moja kwa moja, bila kutumia nguvu. Adhabu yake ni miaka mitatu. Humo mna debe la kahawa lililochumwa usiku, nguo zilizoanuliwa kwenye kamba ya jirani, na kuku. Ndiyo, kuku. Sheria ina kifungu maalumu cha wizi wa mifugo chenye adhabu ya miaka 14, nacho huwataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na ngamia, kuku hamo. Mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake hukabiliwa na miaka saba. Anayeiba kutoka mwilini mwa mtu, kama yule anayetia mkono mfukoni mwa abiria ndani ya matatu, hukabiliwa na miaka 14.

La pili ni kuvunja nyumba kwa nia ya kutenda kosa. Mchana adhabu ni miaka saba. Usiku ni miaka 10. Usiku wa sheria huanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

La tatu ndilo wengi hulidharau: kupokea mali ya wizi. Kijana hununua simu kwa bei ya mkate kutoka kwa mtu asiyemjua, bila stakabadhi, kisha hujisifu kwa wenzake. Anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, hukabiliwa na miaka 14. Mwizi mwenyewe huenda akapata mitatu! Watu husema sheria imepotoka hapo. Sisi tunaona ina hekima, kwa maana pasipo mnunuzi mwizi hana soko.

La nne ni udanganyifu. Sehemu hii yetu, ambayo zamani ilikuwa ya mashamba makubwa ya kahawa na mkonge, leo imekatwakatwa kuwa ploti, na palipo na ploti hapakosi matapeli. Anayepata mali kwa maneno ya uongo hukabiliwa na miaka mitatu. Anayeghushi hati ya kumiliki ardhi hukabiliwa na kifungo cha maisha. Akina mama wa vyama vya kuchanga, kabla hamjatoa akiba yenu, fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kumshtaki tapeli baadaye ni haki yenu, lakini fedha hazirudi kwa urahisi.

La tano ni kupigana na kujeruhi. Shambulio la kawaida, mwaka mmoja. Shambulio linaloacha jeraha, miaka mitano. Kumdhuru mtu vibaya, kama kumvunja kiungo au kumtoa jicho, kifungo cha maisha. Anayefanya fujo ya kuweza kuvunja amani hukabiliwa na miezi sita tu. Aliyepigwa aripoti kituoni, apewe nambari ya OB, achukue fomu ya P3 na kujaziwa na daktari. Kesi nyingi za haki hufa kwa sababu fomu hiyo haikujazwa mapema.

La sita ni makosa dhidi ya watoto wetu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 au 17, hakipungui miaka 15. Hapa miaka ni ya chini kabisa, si ya juu. Wazee wetu, tunasema nanyi kwa heshima lakini waziwazi. Mbuzi aliyeletwa usiku, fedha zilizopewa baba wa mtoto, kikao cha jamaa mbili sebuleni, vyote hivyo haviwezi kulifuta kosa hili. Wenye mamlaka ya kuondoa mashtaka si jamaa, wala chifu, wala kanisa.

Sasa tulifikie kosa ambalo jina lake limewaponza vijana wengi wa hapa kuliko lingine lote: wizi wa mabavu. Unyang'anyi, yaani kuiba kwa kutumia nguvu au vitisho, una adhabu ya miaka 14. Lakini kifungu cha 296, sehemu ya pili, husema kwamba mnyang'anyi akiwa amebeba silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au akimpiga au kumjeruhi mtu wakati wa tendo hilo, adhabu ni kifo. Moja tu kati ya hayo latosha. Vijana wawili wasio na hata fimbo, wakimsukuma mtu na kumnyang'anya simu, wameingia katika kifungu hicho.

Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia ni kinyume cha Katiba; jaji lazima aweze kumpima kila mtu na tendo lake. Lakini Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la kuua peke yake.

Tulipata kuwatetea vijana wawili wapakiaji wa mawe. Walikuwa wakimdai mwenzao ujira wa siku nne. Siku moja jioni, vileo vikiwa vimekwisha kupanda kichwani, walimkaba, wakampiga makofi, wakachukua shilingi 700 mfukoni mwake wakisema ndizo zao. Lilikuwa kosa, wala hatukulikana. Lakini karatasi ya mashtaka iliandikwa wizi wa mabavu. Baba wa mmoja wao aliuza ng'ombe wake wa pekee kutafuta fedha za dhamana, nao wakakaa rumande miezi mingi hata hivyo. Mwishowe mlalamishi mwenyewe alipoulizwa maswali alikiri deni, na hakimu akawatia hatiani kwa kosa la shambulio. Waliadhibiwa walivyostahili, ila ng'ombe hakurudi.

Wakati mwingine jina la uongo huandikwa kwa makusudi, nayo matokeo yake yalijulikana karibu nasi. Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na polisi mwaka 2015. Kisha ni yeye aliyeshtakiwa, kwa makosa madogo madogo. Alipothubutu kulalamika, alimpata wakili wa kumtetea, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 wawili hao walitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, wasifike nyumbani. Miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wanne, watatu wakiwa polisi. Februari 2023 mmoja alihukumiwa kifo, na wengine miaka 30, 24 na 20, na mshtakiwa wa tano alikuwa ameachiliwa. Mauaji yalikuwa yale yale, lakini kila mtu alipimwa kwa sehemu yake. Hata kwa kosa lililotuuma sisi mawakili kuliko maneno yanavyoweza kueleza, mahakama haikutupa kipimo.

Ndugu zetu, mbona basi sisi wananchi hukitupa?

Tuna deni la kukiri jambo. Tulikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya sheria, tukirudi nyumbani likizo. Katika kituo cha matatu tulikuta umati umemzunguka kijana aliyesemekana ameiba simu. Mmoja alishika tairi, mwingine alikuwa akitafuta petroli kwa waendesha magari. Mkobani mwetu mlikuwa na nakala ya Kanuni ya Adhabu. Tulijua kwa namba kifungu cha wizi, na kwa namba kifungu cha mauaji. Hatukunena neno. Tulipanda matatu, tukakaa upande usioelekea umati. Mpaka leo hatulijui jina la kijana yule, wala hatujui kama aliiba. Tunachokijua ni kwamba kosa aliloshutumiwa, hata kama lingethibitishwa, lilikuwa na mwisho wake katika sheria, na kwamba siku ile walihukumu watu wasiouliza swali hata moja.

Sheria inasema nini juu ya umati? Anayeua mshukiwa kwa kukusudia ametenda mauaji, sawasawa na aliyemuua mtu asiye na hatia. Wanaoshirikiana katika nia moja hubeba kosa pamoja: aliyeleta tairi, aliyetoa petroli, na aliyechochea kwa kupaza sauti kwamba achomwe. Hakuna kifungu kinachosema kwamba watu wakiwa wengi kosa hugawanywa na kuwa dogo. Mwananchi ana ruhusa ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini sheria hiyo hiyo humwamuru amkabidhi kwa polisi bila kukawia.

Tunajua mtakavyotujibu. Mtasema polisi hupewa kitu kidogo, na mwizi hurudi kijijini kabla ya jua kutua. Malalamiko hayo yana ukweli, nasi hatutawadanganya. Lakini dawa ya hongo si kiberiti. Andikisheni ripoti, shikeni nambari ya OB, pelekeni mashahidi mahakamani siku ya kesi. Mara nyingi mshtakiwa huachiliwa kwa sababu sisi wenyewe tuliopiga kelele kijijini hatukuonekana kizimbani.

Nanyi waumini, rudini nyumbani mkasome sheria za Musa kuhusu mwizi, katika Kitabu cha Kutoka. Mtaona kwamba aliyeiba ng'ombe alitakiwa kulipa, hakutakiwa kufa. Mtaona pia kwamba aliyemuua mwizi baada ya jua kuchomoza alihesabiwa damu. Hata sheria ile ya jicho na jino, ambayo watu huitumia kuhalalisha kisasi, ilikuja kuweka mpaka, ili jicho moja lisilipwe kwa uhai wa mtu. Wale waliotutangulia kwa maelfu ya miaka walielewa kwamba adhabu isiyo na kipimo ni kosa jingine.

Si kila kosa ni lazima lifike mwisho wa kesi. Katiba inawataka mahakimu kuhimiza usuluhishi, na sheria ya mwenendo wa kesi huruhusu upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Tena tangu mwaka 1998 ipo sheria ya huduma kwa jamii: kosa likiwa na kifungo kisichozidi miaka mitatu, hakimu anaweza kuagiza mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa. Mwizi wa kuku anaweza kufagia uwanja wa zahanati huku akilala kwake na kulea watoto wake. Kanisa lina nafasi hapo, na Tume ya Haki na Amani ina kazi ya kufanya.

Tumalizie kwa yale ambayo kila kijana anapaswa kuyabeba kichwani. Kifungu cha 49 cha Katiba husema hivi: ukikamatwa, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoifahamu. Una haki ya kunyamaza, na ya kuzungumza na wakili. Hulazimishwi kukiri kosa. Lazima ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama iwapo saa hizo zimekwisha nje ya muda wake. Una haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito, na haki hiyo sasa ni ya kila mshtakiwa, hata wa kosa la kifo. Kosa likiwa na adhabu ya faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, huwezi kuwekwa rumande. Na ukisomewa mashtaka, sikiliza jina la kosa na nambari ya kifungu. Usiseme ni kweli ili umalize haraka kabla hujajua ni kweli ya nini.

Haki hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Watu walizuiliwa, walipigwa, na wengine walikufa ili siku 14 zirudi kuwa saa 24. Tukiwa na haki hizo mikononi, kisha tukamnyima mwizi wa kuku hata saa moja ya kusikilizwa, tutakuwa tumemwondoa mtawala dhalimu na kuketi katika kiti chake.

Usiku kamsa ikipigwa tena hapa Kalimoni, tunaomba mtu mmoja tu aulize kwa sauti: ameiba nini, ni nani aliyemwona, na ni nani aliyekwisha kuwaita polisi? Sisi hatukuuliza siku ile. Ulizeni ninyi.